Kumtegea Mtazamaji: Kaida za Kichekesho cha Shule na Namna ya Kuzipindua

Skripti ya kwanza niliyoletewa na kikundi cha wanafunzi wa sekondari hapa Dodoma, waliotaka kutengeneza filamu fupi ya kuchekesha kuhusu maisha ya shule, ilianzia kwenye korido ndefu yenye makabati ya chuma ukutani, kila mwanafunzi na kabati lake na ufunguo wake. Baada ya korido lilifuata bwalo ambamo warembo wana meza yao, wanamichezo yao na wapenda vitabu yao. Kisha msichana aliyevua miwani na papo hapo akageuka mrembo. Kisha dansi la usiku ambalo mvulana humwalika msichana kwa shada la maua. Hakuna hata mmoja kati ya waandishi wake aliyewahi kukanyaga shule yenye makabati hayo. Niliwaomba waisome kwa sauti mbele ya wenzao wa darasani kabla hawajashika kamera, na wenzao wakaisikiliza kwa utulivu na adabu mpaka ukurasa wa mwisho. Kwa filamu ya vichekesho, adabu ya namna hiyo ni hukumu nzito.

Waandishi walishangaa, kwa sababu walikuwa wamefanya kile walichoamini kuwa ndicho ubunifu: walikuwa wamevunja kaida. Msichana mrembo, ambaye katika filamu nyingi za vijana za Marekani huwa mkatili, wao walimfanya mwema. Mpenda vitabu, ambaye huwa mpole, wao walimfanya mchokozi. Mabadiliko yenyewe hayakuwa mabaya. Ila wasikilizaji wao hawakuja na matarajio kwamba mrembo lazima awe mkatili, kwa hiyo alipokuwa mwema hawakuona kilichopinduliwa. Jambo hilo linawatatiza wengi wanaoanza, na ndilo ninalotaka kulifafanua hapa: kaida huvunjika pale tu inapovunjwa mbele ya mtu ambaye tayari anaitarajia.

Katika filamu, utanzu ni kundi la kazi zinazofanana kiasi kwamba mtazamaji, akiona dakika chache za mwanzo, anajua ajiandae kuogopa, kulia au kucheka. Kaida ni yale yanayorudiwa ndani ya kundi hilo hadi yakawa makubaliano yasiyoandikwa kati ya mtengenezaji na mtazamaji. Sisi tuliolelewa na hadithi za jioni hatuhitaji kwenda mbali ili kulielewa hili. Mtambaji akisema "Paukwa!" nasi tukajibu "Pakawa!", tumekwisha kukubaliana kwamba wanyama watazungumza na kwamba hakuna atakayeuliza walijifunza wapi kusema. Sungura akitajwa, tunajua kuna atakayelaghaiwa. Ndiyo maana hadithi ya kobe aliyewapanga ndugu zake njiani, ili kila Sungura aitapo aitikiwe na sauti iliyo mbele yake, hutufurahisha hadi leo: mlaghai amelaghaiwa. Mtu asiyemfahamu Sungura wa hadithi nyingine zote angeona humo mashindano ya mbio tu.

Wanafunzi wa fasihi wanao mfano mwingine ulio karibu zaidi na madaftari yao. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, ulizuka ubishi mkubwa kati ya wanamapokeo, walioshikilia vina na mizani, na wanausasa, waliotaka ushairi huru. Ubishi ule ulikuwa na uzito kwa sababu masikio ya wasomaji yalikuwa yamezoea beti za mishororo minne na mizani kumi na sita katika kila mshororo, hivyo kimya kilichokaa mahali pa kina kilichotarajiwa kilisikika kwa kishindo. Angewaandikia vivyo hivyo watu ambao hawajapata kusikia shairi la vina, kimya hicho kisingesikika kabisa.

Mtaalamu wa filamu wa Marekani, Rick Altman, katika makala aliyoitoa mwaka 1984, alipendekeza kwamba utanzu utazamwe katika tabaka mbili, na mgawanyo wake umenisaidia kuliko maelezo mengine yoyote ninapofanya kazi na vijana. Tabaka la kwanza ni la vitu vinavyoonekana na kusikika: mahali, mavazi, aina za wahusika, vifaa, muziki. Tabaka la pili ni la mpangilio, yaani namna vitu hivyo vinavyohusiana na maana inayozaliwa na uhusiano huo. Kabati la chuma kwenye korido ni la tabaka la kwanza. Kwamba kijana anavutwa huku na hamu ya kukubaliwa na kundi, na kule na hamu ya kubaki yeye mwenyewe, hilo ni la tabaka la pili. Wanafunzi wangu walikuwa wameazima tabaka la kwanza lote wakadhani wameazima utanzu.

Huo mpangilio una umri mkubwa kuliko sinema. Mhakiki wa Kanada, Northrop Frye, alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1957 kwamba komedi, tangu enzi za Wagiriki na Warumi, ina umbo linalojirudia: vijana wanataka jambo, mkubwa fulani mwenye mamlaka anawazuia, hila na mikanganyiko inafuata, kisha kizuizi kinaondoka na watu wote wanakusanyika kwenye karamu, mara nyingi ya harusi, ambayo hata yule mzuiaji hukaribishwa. Kwa kuwa umbo hilo halikufungwa kwenye nchi wala karne, Clueless ya mwaka 1995 iliweza kuchukua kisa cha Emma, riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwaka 1815, na kukipeleka kwenye shule ya sekondari ya California. Mpangilio ulihama, vitu vikabaki Uingereza. Miaka kumi kabla yake, katika The Breakfast Club ya John Hughes, wanafunzi watano walifungiwa maktabani Jumamosi nzima kama adhabu, kila mmoja akiwa amebandikwa aina iliyozoeleka, na muda uliobaki ukatumika kuonyesha kwamba mabandiko hayo hayawatoshi. Kwa lugha ya darasani, waliingia wakiwa wahusika bapa, wenye sura moja tu, wakatoka wakiwa wahusika duara, wenye pande nyingi kama watu halisi. Lakini kwanza waliingizwa wakiwa bapa, na mtazamaji akapewa muda wa kuwacheka hivyo.

Kazi ya kweli ilianza tulipoifunga skripti ile ya makabati na kuulizana vitu vya tabaka la kwanza katika shule zetu ni vipi. Majibu yalikuja kwa kasi kuliko chaki. Kengele ambayo ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini na kugongwa kwa nondo. Mstari wa asubuhi na mwalimu wa zamu anayekagua soksi. Njuka, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, anayeripoti na tranka, ndoo, jembe na fagio. Kipanga anayeongoza darasa, kilaza anayemtegemea ili adese, yaani anakili majibu yake, bishoo anayenyoosha suruali ya sare kwa kuilalia chini ya godoro, mnoko anayepeleka majina ofisini. Kiranja na daftari lake. Maharage ya bwalo. Rokoo ya usiku, yaani kuitwa majina, wakati kuna aliyeruka ukuta na wenzake wanamwitikia. Kila kitu kilichoandikwa ubaoni kilizaa kicheko kabla hakijageuzwa kuwa onyesho, na kicheko hicho kilikuwa ushahidi kwamba makubaliano yapo tayari. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Tulipofika kwa msichana wa miwani, tuligundua jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Onyesho la kumbadilisha msichana awe mrembo hutegemea nywele na nguo. Katika shule nyingi za serikali wasichana hukata nywele ziwe fupi na wote huvaa sare, kwa hiyo vifaa vya onyesho hilo havipo. Je, kaida nzima itupwe? Msichana mmoja wa kikundi alisema kwamba kupanda na kushuka kwa mwanafunzi shuleni kwao hakuamuliwi na nywele. Huamuliwa na mambo mawili, karatasi ya matokeo inayobandikwa ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na kilichomo ndani ya tranka. Mwenye sukari na maziwa ya unga katikati ya muhula ana marafiki. Hapo alikuwa amelielewa somo kuliko nilivyolieleza: aliuacha mpangilio wa kaida ulivyo, msichana asiyeonekana anayeonekana ghafla, akabadilisha kitu kinachoubeba. Katika filamu yao msichana huyo anafunguliwa tranka mbele ya bweni zima, na mwanga unaotoka ndani yake umepigwa picha kama hazina iliyofukuliwa, ilhali kilichomo ni kopo moja la maziwa ya unga.

Hadi hapa tulikuwa tunatumia kaida. Kuzipinga ni hatua nyingine, na ninakiri kwamba ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu kaida moja ya vichekesho vyetu inawahusu watu wa hapa moja kwa moja.

Katika vichekesho vya Kitanzania, jukwaani na kwenye televisheni, lafudhi ni njia ya mkato ya kumtambulisha mhusika. Mtu anafungua kinywa, ukumbi unajua kabila lake, na pamoja na kabila tabia iliyokwisha kupangwa: huyu anapenda fedha, huyu anajisifu, huyu ni mshamba. Mgogo, mtu wa kabila la wenyeji wa hapa Dodoma, mara nyingi ameangukia fungu la mwisho. Skripti ya pili ya wanafunzi ilikuwa na njuka aitwaye Yona, aliyetoka kijijini na kusema "chitabu" badala ya "kitabu". Wagogo wenyewe huiita lugha yao Chigogo, na hiyo "chi" ndiyo iliyobeba utani wote. Kati ya waandishi sita, wanne walikuwa Wagogo.

Niliwauliza kama wanachokiandika ni utani au ni dhihaka. Utani, kwa maana yake ya jadi, ni uhusiano wa pande mbili: mtani wangu ananitukana msibani nami nina haki ya kumrudishia, na wote wanaosikia wanaijua haki hiyo. Dhihaka haina marejeo. Kipimo hicho kinafaa sana kwa komedi, na ninakipendelea kuliko orodha yoyote ya maneno yasiyoruhusiwa: mhusika anayechekwa, je, amepewa nafasi ya kujibu? Yona hakuwa amepewa. Katika kurasa kumi na mbili alikuwa amechekwa mara saba na hakuwa amesema neno lililomchekesha mtu kwa akili yake.

Lilikuwepo pendekezo la kumwondolea Yona lafudhi. Nililipinga, na bado ninaamini nilikuwa sahihi. Ukiiondoa lafudhi umekwepa kaida, hujaipinga. Mtazamaji atarudi nyumbani na kicheko chake kilekile kikiwa salama mfukoni. Kinachohitajika ni kumwachia acheke, kisha kumwonyesha alichokuwa anakicheka.

Waliandika upya hivi. Kaka mkuu, kijana mtanashati aliye na Kiswahili cha mjini, anabeba daftari la majina ya wanaozungumza Kiswahili katika eneo la shule, kwa kuwa kanuni inataka Kiingereza. Anaandika jina la Yona kwa kosa la kusema "chitabu changu", na wakati huohuo anamcheka kwa Kiswahili. Mtazamaji anacheka naye. Siku ya wazazi inafika, mstari umepangwa, na mwanamke mzee aliyepanda basi la kwanza kutoka Mvumi anaingia getini akiwa amejifunga kitenge na kubeba kapu la karanga kichwani. Kaida inajulikana: ndugu wa mshamba amekuja kumwaibisha. Kamera inamwangalia Yona. Bibi anampita Yona. Anatembea mbele ya safu ya pili, ya tatu, na kusimama mbele ya kaka mkuu, anamshika shavu kwa kiganja. Kisha anageukia mstari mzima na kusalimia kwa Chigogo, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya korongo: "Mbukwenyi!"

Hakuna anayejibu. Halafu sauti moja nyembamba inaitikia kutoka safu ya nyuma, ya msichana wa kidato cha pili. Kisha mbili, kisha safu nzima ya kushoto, kisha mwalimu wa zamu mwenyewe, akiwa amesimama wima na fimbo kwapani. Zaidi ya nusu ya mstari uliokuwa ukimcheka Yona unaijua salamu hiyo tangu utotoni. Kaka mkuu anatazama chini, daftari mkononi.

Nililiona onyesho hilo likionyeshwa kwenye ukuta wa darasa, na ukumbi ulicheka sana bibi alipompita Yona, ukanyamaza, kisha baadhi ya watazamaji wakaitikia salamu wenyewe wakiwa wamekaa kwenye madawati yao. Lililofanya kazi hapo ni muda uliotumika kuijenga kaida. Bila vicheko vya mwanzo, kuitikia kwa mstari kungekuwa hotuba kuhusu kuheshimu makabila. Lakini vicheko hivyo vina gharama, kwa sababu kila "chitabu" kinachochekwa ni tusi halisi kwa mtoto halisi aliyekaa ukumbini, na filamu inaomba kumkopa uvumilivu wake kwa dakika kadhaa. Kwa hiyo tulihesabu. Saba zilipunguzwa zikawa tatu: ya kwanza kuitambulisha kaida, ya pili kuithibitisha, ya tatu kumfanya mtazamaji aisubiri. Ya nne isingeongeza kitu ila maumivu. Na kati ya ya pili na ya tatu Yona alipewa zamu yake ya kumjibu kaka mkuu, kwa jibu ambalo liliwachekesha watu kwa werevu wake.

Ufundi wa kamera na sauti ulibeba sehemu kubwa ya maana hiyo. Kichekesho hupenda picha pana yenye mwanga mwingi, ambamo mwili wote unaonekana ukianguka, ukikimbia, ukijificha. Uso ukisogezwa karibu mno, mtazamaji huanza kumhurumia mtu na kicheko hupungua. Wanafunzi walitumia kanuni hiyo kwa makusudi: vicheko vitatu vya kwanza vimepigwa kwa mbali, Yona akiwa mdogo kati ya sare nyingi, na mara ya kwanza kamera kuukaribia uso wa mtu yeyote ni pale kiganja cha bibi kinapogusa shavu la mjukuu. Pia waliziondoa zile sauti za katuni ambazo vichekesho vyetu huziweka kila mtu anapojikwaa ili kumwambia mtazamaji sasa cheka. Walikuwa wameziweka sehemu yote ya kwanza. Zilipokosekana mstarini, hakuna aliyejua kama anaruhusiwa kucheka. Upepo wa Dodoma, ambao katikati ya mwaka hauna huruma na maikrofoni, uliufunika muitikio wote wa kwanza, ikabidi sauti zirekodiwe tena ndani ya bweni lenye magodoro yaliyoegemezwa ukutani, kila mmoja akiitikia peke yake kwa zamu. Nadhani hilo liliisaidia filamu, kwa kuwa sauti ya yule msichana wa kwanza inasikika ilivyo, na kigugumizi chake kidogo.

Fimbo ya mwalimu ni suala jingine, na nitaligusa kwa ufupi. Kuchapwa kwa mwanafunzi kumekuwa mbinu rahisi ya kuchekesha kwa muda mrefu. Wao waliamua fimbo ionekane katika kila onyesho la mwalimu na isitue mwilini mwa mtu hata mara moja. Inaonyesha ramani, inasukuma dirisha, inashusha embe. Mtazamaji anaisubiri mpaka mwisho.

Ubishi mkali zaidi ulikuwa juu ya mwisho wenyewe. Karamu ya Frye, kwetu, ni mahafali ya kidato cha nne: maturubai, spika, wali, wazazi, keki, vyeti. Baada ya kuonja raha ya kupindua, baadhi walitaka kuipindua na hii, kaka mkuu aondoke bila kupatana na Yona, kwa hoja kwamba maisha ndivyo yalivyo. Nilitetea kaida. Filamu iliyomcheka Yona mara tatu ina deni kwake, na karamu ndiyo njia ambayo komedi hulilipa deni la namna hiyo. Kumnyima ni kumwacha mahali palepale dhihaka ilipomweka. Tulichobadilisha ni kipimo tu. Hakuna kupigiana makofi wala kukumbatiana mbele ya wazazi. Wageni wameondoka, Yona na njuka wengine wanakunja viti, vumbi limetulia, na kaka mkuu anapita akiwa amebeba tranka lake kuelekea getini ambako bibi yake anamsubiri. "Mbukwenyi" ni salamu ya wengi. Mtu mmoja husalimiwa kwa "Mbukwa". Kaka mkuu anasimama, anahamishia tranka mkono wa pili, na kumwambia Yona neno hilo la mtu mmoja. Yona anaweka kiti chini kwanza, ndipo anaitikia.